Tone la Mafuta ya Cherehani

Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi kule kwetu Magharibi, mashine ya dizeli iliyokohoa asubuhi mpaka kijiji kizima kikajua imeamka. Shule niliacha darasa la tatu, sitadanganya mtu, lakini mashine ile niliijua. Msimu mmoja wa mavuno akina mama walipanga madebe yao hadi barabarani, mzee akaona kazi inachelewa. Akatoa puli ndogo ya injini, lile gurudumu linalovuta mkanda, akaweka kubwa. Wee! Mashine iliruka. Unga ulitoka moto, akina mama wakalalamika unanuka kuungua, lakini foleni iliisha kabla ya saa sita. Mimi nikaweka kichwani kwamba kitu chochote kinachozunguka kinaweza kuongezwa mwendo.

Basi nikaja Nairobi, nikafanya kazi nyingi, nyingine za aibu kidogo, tuziache. Miaka ile ya tisini ndipo tulipokodi chumba cha mabati Kawangware, pale steji ya 56, mimi na rafiki yangu mmoja. Upande wangu nilitengeneza cherehani. Upande wake kulikuwa na kompyuta kuukuu tuliyonunua pamoja, naye alichapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na historia ya marehemu. Sisi watu wa Magharibi hatuziki mtu wetu mjini. Mwili unapelekwa nyumbani, na pale kaburini historia ya marehemu inasomwa: mtoto wa nani, ukoo gani, aliolewa wapi, alizaa nani. Ikisomwa vibaya, wazee wanasimama kusahihisha mbele ya watu, na hapo matusi hayako mbali.

Rafiki yangu aliishi Kibera, mtaa wa Soweto, na mama yake mgonjwa. Mama huyo alikataa kutungiwa historia na watu. Jumapili baada ya kanisa alimsimulia kijana wake historia hiyo yeye mwenyewe, jina kwa jina, hata watoto wake wawili waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao hakuna mtu mwingine aliyebaki wa kuwajua. Kijana akaandika, kisha akachapa kwenye kompyuta yetu. Karatasi zile ziliharibika maji ya mtaro yalipoingia nyumbani kwao. Halafu mama akapooza upande mmoja, ulimi ukafungika kabisa.

Nikamwambia, "Ndugu yangu, si utoe hiyo kitu kwa karatasi?"

Akanitazama vibaya. "Programu ya mtu anayepumua? Unataka nimwite kaburini?"

Hivyo maneno ya mama yakabaki kwenye diski ndani ya mashine, na nakala kwa disketi moja ya kijani.

Sasa, gemu. Mchana mafundi wa mbao walio jirani walikuja kucheza ile ya magari kwenye kompyuta hiyo hiyo. Gari likifika kwenye kona picha inaganda, diski ndani inakwaruza kirr, kirr, kama panya darini.

"Buda, hii gari imeenda choo ama?" mmoja anasema, wengine wanacheka. "Twendeni steji ya 46, huko mashine inakimbia."

Maneno hayo yaliniuma. Rafiki yangu hakujali. Aliiambia kompyuta ipange upya vitu vilivyo ndani ya diski, na kutwa nzima tukatazama viboksi vidogo vikihama kwenye skrini kama waumini wanaobadilishana viti. Kweli gari lilikimbia nafuu, lakini kwenye kona likaganda tena.

"Imetosha hiyo," akasema. "Diski ina mwendo wake iliotoka nao kiwandani, hauongezwi. Labda tununue memori. Ama diski mpya."

Mimi nikawa nafikiria puli ya baba.

Siku aliyompeleka mama yake kliniki nilibaki peke yangu. Nikachukua bisibisi, nikatoa diski, nikaifungua. Ndani kulikuwa na sahani inayong'aa kama kioo, na kijikono chembamba juu yake. Ah, nikasema, hii imekauka tu. Nikaifuta sahani kwa shati langu, nikaweka tone moja la mafuta ya cherehani pale katikati, nikafunga vizuri kila skrubu. Nilipowasha ikapiga kelele ya kijiko kwenye sufuria, kisha kimya. Skrini ikaandika kwamba haioni diski.

Alirudi saa nane, akanusa mafuta kabla hajaketi.

"Umefanya nini?"

"Nimeilainisha kidogo. Ilikuwa inakwaruza."

"Umeifungua?"

"Kidogo tu."

Akaizima, akaiwasha. Mara tatu. Akavuta droo. "Disketi ya kijani iko wapi?"

Ningesema uongo, lakini ilikuwa mezani mbele yetu. "Nilirekodi gemu juu yake, ya zamani yakafutika. Sikujua ni ile ya mama."

Alikaa kwenye stuli yangu. Fundi mmoja akachungulia, "Niaje, leo tunakimbia?" Akatutazama, akaondoka.

"Wale watoto wawili," akaniuliza polepole. "Nilikusomea siku moja. Unakumbuka majina?"

Alinisomea, ni kweli. Nilikuwa nafunga belti ya cherehani ya mteja, nikaitikia tu ndiyo, ndiyo.

"Sikumbuki," nikasema.

Akainuka, akachukua koti lake msumarini. Nilifikiri atanipiga, na ningekubali. Alipita kati ya vitanda vya mbao vilivyoanikwa nje vikauke vanishi, akavuka barabara, akashika njia ya Kibera. Hakurudi tena.