Kosa la Tauvela Lililofungia Kijiji Kizima

Lagimalie ndiye anayetunza seva, ile kompyuta inayohudumia simu zetu zote, ya kanisa letu hapa Salelologa, kijiji chetu cha kisiwani. Asubuhi husuka mikeka pamoja na kamati ya wanawake. Alasiri huketi katika ofisi ya mchungaji, ambamo hawezi kuona kitu kilichofungwa asitake kukifungua.

Mwaka huu alikuwa na sababu yake. Mumewe, Ioelu, yuko New Zealand kwenye shamba la mizabibu, na binti yao Sieni angekariri aya kwa mara ya kwanza katika Jumapili ya Watoto. Ili baba amwone, Lagimalie alisimika programu ya kurushia video ndani ya kontena, yaani chumba chake yenyewe ndani ya seva. Mbele yake akaweka seva wakala, ipokee wageni wote mlangoni na kuwasilisha maombi yao ndani. Kila mtu akapewa nywila.

Jumamosi, watoto wakiwa mazoezini, Ioelu akapiga simu.

“Mke wangu, naambiwa nimekosea nywila mara nyingi mno. Mimi hata sijaandika!”

Mchungaji naye alikuwa amefungiwa, na kamati nzima vilevile. Hapo akaingia Tauvela, msemaji wa chifu wetu, usinga begani, simu mkononi.

“We Lagimalie, mashine yako haina adabu! Nywila nimeisahau, nimejaribu jina langu, jina la mke wangu, mpaka jina la nguruwe wangu.”

“Mjomba! Kumbe ni wewe?”

“Nimekosea peke yangu. Wenzangu wanaadhibiwa kwa lipi?”

Lagimalie akafungua kumbukumbu za programu. Programu humfungia anayekosea kwa anwani anakotokea, na kila mstari ulionyesha anwani moja tu, ile ya wakala. Programu ilidhani kijiji chote ni mtu mmoja mwenye vidole vizito.

“Mjomba, ukienda kumsemea chifu, unaanzaje?”

“Namtaja aliyenituma. La sivyo maneno yote ni yangu, na matusi nayapokea mimi.”

“Wakala wangu naye humtaja mgeni katika kila ujumbe. Ila mimi sikuiambia programu imwamini.”

“Ukamsimamisha msemaji mlangoni kama muuza samaki! Mtoto wa nani wewe?”

“Wa dada yako.”

Tauvela akakohoa. “Basi iambie imwamini kila mtu.”

“Thubutu! Halafu yeyote ajidai katumwa? Ni huyu wa mlangoni tu.”

Akaandika anwani ya wakala katika mipangilio, akafuta vizuizi, akaiwasha kontena upya. Ioelu akaingia mara moja. Tauvela akajaribu tena na tena majina yaleyale, kwa ukaidi uleule.

“Mbona mimi bado?”

“Sasa umefungiwa peke yako, mjomba. Kwa heshima zote.”

Jumapili, Sieni alisimama na gauni lake jeupe, akasema mstari wa kwanza, wa pili ukampotea. Akaitazama kamera.

“Baba, ngoja kidogo.”

Kwenye skrini likatokea neno moja kutoka shamba la mizabibu: “Nangoja.”