Hawajaisha, Wamehama

Jina la Mama Buluu alipewa na wifi yake, kwa dhihaka, maana nyumbani kwake hapakosekani uzi wa rangi hiyo: kwenye mkeka, kwenye mto, hata kifungo cha koti la marehemu mumewe. Alikuwa akiishonea ofisi ya mifugo mitego ya mbung'o, kitambaa cha buluu na cheusi, chandarua juu. Kusoma alijua kwa kudonoadonoa. Lakini mbung'o alimjua: akitua hukunja mabawa, moja juu ya jingine, kama mkasi uliofungwa. Kila Jumatatu alifungua mitego na kuchora mstari mmoja kwa kila mbung'o.

Kiangazi kilipokolea, mitego ya mbugani ikakaa mitupu wiki tatu. Karani wa ofisi akachangamka.

"Mama, niandike wamekwisha?"

"Andika wamehama."

"Fomu haina nafasi ya kuhama."

"Basi kilema ni fomu, si mbung'o."

Karani akaandika wamekwisha, akaenda zake.

Habari ikamfikia kaka yake Mama Buluu, mfugaji. Mwaka uliopita mbung'o walimuulia ng'ombe watatu kwa nagana, ugonjwa wanaouambukiza wakiuma. Walibaki kumi na mmoja.

"Kesho nawateremsha mtoni," akasema. "Kisima kimebaki tope."

"Kaka, jua likiwaka wewe hukimbilia wapi? Kivulini. Na mbung'o yuko huko huko, vichakani mtoni."

"Karani kasoma, dada."

"Kasoma fomu. Nipe siku moja."

"Siku moja bila maji? Utawanywesha uzi?"

Lakini alimpa. Mama Buluu akatundika mitego miwili kwenye vichaka vya mtoni, chini yake chupa ya mkojo wa ng'ombe wa kuwavutia. Wifi aliyemshikia ngazi aliziba pua mpaka mwisho.

Kesho yake mchana akamimina mbung'o walionaswa kwenye sinia, mbele ya kaka. Kaka akahesabu, akafika arobaini, akasukuma sinia.

"Malizia mwenyewe."

Ng'ombe hawakuteremka. Kiangazi chote kaka na mkewe walichota maji mtoni kwa ndoo kabla ya jua kuchomoza, mbung'o wakiwa bado wamezubaa kwa baridi, na wifi alinung'unika kila safari.

Mvua ziliponyesha, majani yakaota, mbung'o wakatawanyika, mitego ya mbugani ikajaa. Ng'ombe bado kumi na mmoja. Karani akaja na fomu ile ile.

"Mama, wamerudi niandike wapi?"

"Pale pale ulipoandika wamekwisha," akajibu, akatia uzi kwenye sindano.