Fahali Aliyekataa Chumvi

Mwanangu, mengi nimesahau, lakini nakumbuka asubuhi moja niliyosimama kando ya ghala la mahindi, nimeficha sindano ya gunia katika kiganja cha kulia, huku baba akimwambia mgeni kwamba binti yake ana kipawa cha kufunza wanyama. Nikatabasamu. Mpaka leo naona haya nikilikumbuka tabasamu lile.

Keti basi nikueleze, wala usitazame saa; yule mwanafunzi wako wa ushonaji atakungoja. Hapa Karungu nimeolewa tu; wakwe zangu huniita Nyar Ndhiwa, binti wa Ndhiwa, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Baba hakujaliwa wavulana, kwa hiyo kazi ya ng'ombe ikaniangukia mimi, na sikulalamika. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nguvu tele, masikio machache.

Tulikuwa na fahali mmoja aliyeitwa Rabuor, kwa sababu ya rangi yake ya hudhurungi. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, nami nikamnywesha maziwa kwa chupa ya soda mpaka akajua kula majani. Akikohoa, chakula hakinipiti kooni. Nilimpenda yule ng'ombe kuliko nilivyowapenda baadhi ya shangazi zangu, Mungu anisamehe.

Mwaka ule baba alimwandikisha Rabuor katika maonyesho ya kilimo ya Homa Bay. Fahali wa maonyesho haitoshi awe mnene. Sharti aongozwe kwa kamba polepole, asimame miguu minne sawasawa, ainue kichwa, na atulie wakati majaji wanamzunguka na kumpapasa mgongo. Rabuor alikuwa mkubwa na mzuri, ila kichwa chake kilipenda ardhi. Ukimsimamisha tu, anainama kutafuta nyasi hata pasipo na nyasi.

Baba alitazama kwa siku mbili tatu, kisha akasema kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, "Huyu nimemlisha miaka minne. Asipoweza kusimama mbele ya majaji, atasimama mbele ya wachinjaji pale Rodi Kopany."

Soko la ng'ombe la Rodi liko njia panda. Ukitoka Homa Bay kuja kwetu huwezi kulikwepa. Na baba hakuwa mtu wa kutisha watu bure. Akisema jambo, hesabu kwamba limekwisha tendeka. Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikachukua sindano tuliyoshonea magunia.

Nilimchoma chini ya shingo kila alipoinama. Kidogo tu, nilijiambia, na ni kwa faida yake. Siku ya tatu sikuhitaji hata kumchoma. Nikisogeza mkono wa kulia, kichwa juu! Majirani wakaja kushangaa. Wakasema Rabuor anaelewa maneno, wakasema nimepewa dawa na mtu. Nami nikavimba kichwa. Sindano hakuna aliyeiona.

Mgeni niliyekutajia alikuwa Mzee Marwa, Mkuria kutoka upande wa mpaka, aliyejulikana Migori yote kwa kufunza ng'ombe wa kulima. Alikuja kumfunzia jirani yetu jozi ya maksai, baba akamwita aje amwone Rabuor. Kijaluo chake kilikuwa cha kuombea maji tu, kwa hiyo sote tukazungumza Kiswahili.

Nilimwongoza Rabuor, nikamsimamisha, nikasogeza mkono. Kichwa juu. Baba akangoja sifa. Mzee Marwa akamwangalia ng'ombe, si mimi.

"Hii ng'ombe haina nzi," akasema mwishowe. "Mbona ngozi yake inacheza hivyo?"

Ni kweli. Ngozi ya shingo ilikuwa ikitetemeka na hapakuwa na nzi hata mmoja. Nilikuwa nimeizoea hata siioni.

"Lete chumvi," akaniambia.

Wafunzaji wa zamani, mwanangu, hawakumpa mnyama chumvi kwenye chombo. Walimpa kiganjani. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, na ukitaka kumjua mfunzaji, ulitazama jinsi mnyama wake anavyoijia chumvi. Nikaichomeka sindano kwenye upindo wa gauni nikijifanya najikuna, nikamfunga Rabuor kwenye nguzo, nikachota chumvi, nikaunyoosha mkono wa kulia. Rabuor aliinusa kutoka mbali. Ulimi ukatoka. Akapiga hatua moja, akauona mkono, akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka kamba ikakazika kwenye nguzo. Aliitaka chumvi ile, na alinitazama mimi kwa macho yaliyokodoka. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Wangu ulikuwa umejaa na bado haukulambwa.

Mzee Marwa akamwomba baba maji ya kunywa, na baba alipoingia ndani akanyoosha kiganja chake kwangu. "Toa," akasema.

Nikaitoa sindano. Lakini ujana haukosi jibu, nikamwambia, "Mzee, si husemwa samaki mkunje angali mbichi?"

"Hiyo samaki imekufa, binti yangu," akasema. "Hata ukiikunja haijui ni nani ameikunja. Hii iko hai. Inajua."

Nikaanza kulia. Nikamweleza habari ya Rodi, kwamba sikufanya kwa ukatili, nilifanya ili asichinjwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

"Najua unaipenda," akasema. "Lakini ukienda nayo hivi, utakuwa umeokoa nyama tu. Ng'ombe yenyewe imekutoka. Baba yako utamwambia wewe mwenyewe. Mimi sisemi kitu."

Mwanangu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi siku hiyo guu langu lilikuwa limeshapata ufa. Nilimwambia baba jioni ileile. Alimaliza kwanza kufunga mlango wa zizi. Kisha akasema, "Basi aende kama alivyo. Lakini neno langu liko palepale."

Zilibaki siku tisa. Mzee Marwa alinikataza katakata kumfunza Rabuor kusimama wala kuinua kichwa. Nilitakiwa kukaa chini malishoni kila asubuhi kabla ya jua kali, chumvi kiganjani, kamba nimeiacha nyumbani, nami nisimwite. Nilikaa. Siku ya kwanza alikula majani mbali kabisa, akanipa mgongo. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne mvua ikaniloweshea chumvi. Kila siku nilihesabu zilizobaki, nikaona Rodi inakaribia. Mara mbili nilitamani kwenda kutafuta sindano nyingine. Nakuambia ukweli.

Siku ya sita alikuja. Alisimama nyuma yangu kwanza, nikasikia pumzi yake shingoni, sikugeuka. Kisha ule ulimi wa ng'ombe unaokwaruza ukapita kwenye kiganja mara moja, mara ya pili, mpaka chumvi ikaisha na bado analamba. Nilicheka huku machozi yananitoka. Nafuu niliyoipata asubuhi ile sijapata kuieleza vizuri, hata leo nimeshindwa.

Siku tatu za mwisho mzee alinifundisha mengine. Kamba ilegeze palepale ng'ombe anapopiga hatua, usingoje apige mbili. Kulegea kwa kamba ndiyo asante yake. Somo likatize akiwa bado anataka kuendelea. Na ukihisi hasira inakupanda, mfungue uende zako ukateke maji.

Siku ya maonyesho Rabuor aliingia uwanjani na kamba imelegea, akasimama miguu minne sawasawa. Vipaza sauti vilikoroma, fahali wa jirani akarusha mateke, wetu akatulia. Jaji mmoja akaniomba nimwinue kichwa. Rabuor akamtazama yule jaji, akainama, akaanza kukinusa kiatu chake. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Tulitoka bila utepe wowote, wa kwanza wala wa mwisho.

Kesho yake tukashika njia kwa miguu, na tulipofika Rodi ilikuwa siku ya soko. Baba akakata kona kuingia. Nikamfuata. Mchinjaji mmoja wa Kiislamu kutoka mjini, Bwana Salim, mtu mpole wa kanzu, akamzunguka Rabuor na kusema ni ng'ombe mzuri. Wakaelewana haraka. Baba akaninyang'anya kamba mkononi, akampa mfanyakazi wa Bwana Salim.

Yule kijana akavuta. Rabuor akakita miguu. Kijana akainua fimbo, na hapo Rabuor akaruka, kamba ikamponyoka, watu wakatawanyika kila upande, mama mmoja akaacha beseni lake la nyanya. Nikajua ameona mkono ulioinuliwa, na kosa ni langu. Nilidhani atatorokea barabarani agongwe na lori. Hakwenda barabarani. Alikuja moja kwa moja nilipokuwa, akapita, akasimama nyuma yangu, akakiingiza kichwa kile kikubwa chini ya kwapa langu. Sikuwa na kamba. Sikuwa na chumvi.

Bwana Salim alicheka kwanza, halafu akatikisa kichwa. "Mzee, mimi nanunua ng'ombe," akamwambia baba. "Sinunui mtoto wa mtu. Mchukueni mwende naye, Mungu awabariki."

Nikamtazama baba. Nilijua hajawahi kulimeza neno lake mbele ya watu. Akajikuna kidevu, akaangalia juu, akaangalia chini.

"Nilisema asipoweza kusimama," akasema. "Kule alisimama. Kuinua kichwa sikukutaja mimi."

Akaokota kamba, akanipa. Mwanangu, nilikaa chini palepale kwenye vumbi la soko nikacheka kama mwendawazimu, na baba, ambaye meno yake niliyaona kwa nadra, akacheka pia. Rabuor aliishi kwetu mpaka akazeeka. Watoto wake waliwalimia majirani zetu, na kichwa hakuinua hata siku moja.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu farasi wa maonyesho wa nchi za mbali. Shingo imepinda, mkia juu, miguu inacheza muziki. Akaniuliza kwa jina letu la bibi, "Dani, si ni mzuri?" Nikamwambia arudishe nyuma nimtazame macho na masikio. Alikuwa ametulia, masikio yamemwelekea mpandaji, nikashukuru. Mwingine aliyefuata alikuwa na ngozi ile niliyoijua, nikamwambia azime.

Sasa lishike neno langu. Ukipewa kiumbe ukifunze, awe ng'ombe, farasi, mbwa, au hata mwanafunzi wako wa ushonaji, usimwonyeshe kwa watu akifanya jambo ambalo hakujifunza kwa raha. Usitumie maumivu kufupisha njia, hata ukiwa unakimbia hatari ya kweli, kwa maana nami hatari yangu ilikuwa ya kweli. Ukikosa, ungama mapema, kisha kaa chini usubiri usamehewe, wala usimharakishe anayekusamehe. Kubali kurudi bila utepe. Na ukumbuke hili hata ukisahau mengine yote: anayekutii kwa woga atamtii yeyote mwenye fimbo ndefu kuliko yako, siku hiyohiyo, bila kugeuka nyuma kukutazama.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe subira kuliko alivyonipa mimi. Akupe wazee wa kukukemea ungali na muda wa kurekebisha. Na kila kiumbe kitakachokutegemea duniani kisikie nyayo zako zinakuja, kifurahi.