Uzi Ndani ya Mkoba

Tangu Ghofran aondoke, paa la nyumba yao hapa Sfax, Tunisia, limenyamaza alasiri. Dada yake Rawdha hupanda na beseni, huanika shuka mojamoja, na masikio yake husubiri fidla isiyokuwepo. Jirani akimwuliza mdogo wake hajambo, hujibu hajambo, na kuinamia beseni.

Fidla ilikuwa moja, ya baba yao Shadli, mpigaji wa harusini. Aliwafundisha wote wawili kwa hiyo hiyo, ikiwa imekazwa kwa desturi yetu: nyuzi mbili nyembamba hulegezwa zifuate sauti za zile nene, ili mkono uteleze vizuri kwenye nyimbo za kwetu. Rawdha alipomaliza shule alitaka chuo cha Tunis, mji mkuu, idara ya muziki wa Kizungu. Baba akamwambia mkono wake ni wa harusi, asome hapa hapa, alale nyumbani. Akabaki, na harusi za baba akazirithi. Miaka mitatu baadaye Ghofran aliitaja idara ile ile, kuskusi ikiwa mezani, na baba akasema tu, "Haya, mwanangu. Nani atakupeleka?"

Aliyempeleka ni Rawdha. Njia nzima ndani ya treni alitazama vidole vya mdogo wake vikicheza juu ya goti, akavichukia kwa wepesi wao.

Mtihani wa kuingia idara ile hutaka nyuzi zikazwe Kizungu. Zilipaswa kupandishwa taratibu, siku mbili tatu kabla, zizoee. Rawdha alilijua hilo. Fidla ilikuwa kwake wiki nzima kwa ajili ya harusi, na aliiacha vile vile.

Basi Ghofran akaanza kuzikaza kwenye ukumbi wa kusubiria, na uzi mwembamba kuliko zote ukakatika, ukamchapa shavuni. Hakulia. Alikaa na fidla mapajani, akiutazama uzi ulivyojikunja.

Ndani ya mkoba wa Rawdha, kwenye karatasi laini, mlikuwa na uzi mpya. Mpigaji wa harusi hatembei bila uzi wa akiba. Akatazama sakafu. Angekaa kimya tu, wangerudi kwa treni ya saa tisa, dada wawili walio sawa.

"Dada," Ghofran alisema bila kuinua macho. "Bado watu watatu kabla yangu."

"Nimesikia."

Wakaitwa wawili. Mlango ukafungwa.

"Bado mmoja."

Rawdha akafungua mkoba, akautoa uzi. "Ulikuwa humu," alisema. "Tangu asubuhi."

"Najua. Niliuona ulipotoa tiketi."

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka nijue kama utanipa."

Ghofran aliufunga uzi kwa mikono iliyotulia kuliko ya dada yake, akaukaza, akaingia. Rawdha akaweka sikio mlangoni, akiomba asikie kosa. Alisikia mawili. Hayakutosha.

Siku hizi Rawdha hupiga harusini kwa fidla ya kuazima, na watu humsifu, naye huzisikia sifa hizo kama mabaki ya sahani ya mtu mwingine. Ghofran yuko mwaka wa pili katika idara ile, Tunis. Analala bweni la wasichana, na fidla ya baba iko naye.