Mianzi ya Misi na Spika ya Naibu

Misi, mwalimu wetu wa sayansi, anatoka Java, na mwaka huu skuli ikamtwika Siku ya Utamaduni wa Indonesia, kwa vile hawakuwa na Mwindonesia mwengine. Ningekuwa yeye ningepika wali, nikatundika bendera, yallah nyumbani. Yeye akaleta angklungi.

Angklungi ni mirija ya mianzi kwenye fremu. Ukiitikisa inatoa sauti moja, hiyo hiyo, mpaka Kiama. Kila mtu anashika yake, na wimbo unapita baina yenu kama sinia la halua, kila mmoja anachota akifikiwa. Kwao sauti zinaandikwa kwa nambari, basi Misi akatuita kwa nambari. Mimi nikawa Tano. Nadhani alinichukua ili anifunge mdomo, maana kazi yenyewe ni kusubiri.

Na kusubiri ndiko kulikotushinda. Nusu ya kikundi tunatoka nyumba zenye asili ya Unguja, na kwetu mtu akingoja wenzake wamalize kusema, atakufa hajasema. Bibi, mama na khalati, dada yake mama, wanazungumza wote pamoja, Kiswahili humo, Kiarabu humo, na wanaelewana vizuri tu. Sasa unaambiwa ushike mwanzi, ukae kimya, mwenzio apite kwanza. Tukawa tunaingia kabla ya wakati, kama watu wanaogombea lifti. Wimbo wa nchi ya watu ukasikika kama kabati la vyombo limeporomoka ngazini.

"Tano," Misi akasema, "unamsikia Tatu?"

"Namsikia, Misi. Namsaidia."

"Usimsaidie. Msikilize, kisha mjibu."

Nikaupeleka mwanzi nyumbani. Bibi akauliza, "Kitu gani hicho unakitikisa kama una homa?" Nikamweleza.

"Sauti moja tu?"

"Moja tu, bibi."

"Basi nnamuonea huruma huyo mwalimu wako."

Lakini akanifundisha kwa njia yake. Akampigia simu khalati, sauti akaiachia nje, akaniweka ubavuni pake, nisitie neno mpaka anigonge goti. Khalati alikuwa anasimulia harusi ya watu nisiowapenda. Nilikuwa na ya kusema chungu nzima. Nilikaribia kupasuka.

Wiki ya mwisho tukaanza kuwa wimbo. Si mzuri, lakini ukiusikia unajua huu wimbo. Hapo ndipo naibu mkuu wa skuli akaja, akasimama mlangoni kakunja mikono.

"Wazee wanakuja, na wageni wakubwa," akasema. "Nimepata rikodi safi. Itapigwa kwenye spika. Nyinyi tikiseni kidogo tu, isisikike."

"Hapana, ustadh," Misi akasema. "Tutapiga wenyewe."

"Kwani nani atajua?"

"Wao." Akatuonyesha sisi.

Naibu akamwambia limeshakatwa hilo. Misi yuko hapa kwa mkataba, na anayeupitisha ni huyo huyo. Misi akarudi kwenye mianzi yake, masikio yamemwiva. Mimi nikapandwa na hasira ambazo sikuwahi kuwa nazo kwa jambo la skuli. Nimeteseka kujifunza kunyamaza mpaka nifikiwe, halafu mtu anakuja kuniambia ninyamaze moja kwa moja na nijifanye nacheza.

Siku yenyewe ukumbi ukajaa. Tumevaa mashati ya batiki yaliyoshonwa na fundi wa mtaa wa Wadi Kabir, mikono mirefu hata vidole havionekani. Nyuma ya pazia nikawaambia wenzangu, "Spika ikianza, mikono chini. Asitikise mtu."

"Na Misi je?" akauliza Tatu, msichana ambaye hata chooni haendi bila ruhusa.

"Misi hajui. Asijue. Tukishikwa, tumeshikwa sisi."

Tatu akanipima kwa macho. "Na wewe utaweza kutulia?"

"Nimefundishwa na bibi yangu."

Pazia likafunguka, rikodi ikaanza, nzuri kama maji. Sisi tumesimama kama nguzo za umeme. Muziki unatoka, hakuna anayepiga. Baba mmoja wa mbele akaishusha simu yake aliyokuwa akirekodia, akamtazama mkewe. Vicheko vikaanza huku na huku. Naibu, pembeni, alikuwa anatutikisia mikono mitupu, na nikiri kwamba pale yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora. Hatukutikisika. Mwisho akaenda kuizima mwenyewe.

Misi akatutazama mmoja mmoja, kisha akainua kidole: Moja.

Tukapiga. Mbili akachelewa. Sita akaangusha mwanzi, akauokota, akaendelea. Mimi nikamsubiri Tatu, nikamsikia, nikamjibu.

"Umeingia mapema mara mbili," Misi akaniambia baadaye.

Naibu akanivuta kando. "Mwalimu wenu ndiye aliyekutumeni?"

"La, ustadh. Ni mimi."

"Twende kwa mgeni rasmi. Umwombe radhi, useme mitambo iliharibika."

Tukaenda. Nikamwomba radhi mgeni kwa kumweka akingoja, nikamwambia mitambo ilikuwa mizima kabisa, ila sisi tulitaka kupiga wenyewe.

Naibu akanipiga marufuku jukwaani mpaka nimalize skuli. Nikamuuliza, kwa adabu zote, marufuku hiyo ataisimamia mwenyewe au ataweka rikodi.