Nyumba ya Povu ya Japheth

Japheth alikuwa askari wa mlangoni katika jengo moja la West Bay, zamu za urefu wa saa kumi na mbili, na nikisema alichoka ninamaanisha uchovu wa miaka sita. Katika kambi yetu ya wafanyakazi wa kigeni, Umm Salal, nililala kitanda cha juu na yeye cha chini, kwa hiyo takataka zake nilizijua zote.

Wapangaji wakitupa katoni za friji, yeye aliokota yale mapovu meupe magumu ya ndani yanayokinga friji, akayachonga vijumba vya kuuza. Kisu chake kilikuwa waya wa gitaa uliopashwa moto kwa chaja ya simu ya zamani. Foili ya kuku wa mchana aliifinya ikawa donge, akalibingirisha juu ya povu, alama za mawe zikatokea. Sindano iliyochomekwa kwenye biki ilichora milango. Mchanga wa kubandika chini yake tulikuwa nao hadi kwenye sufuria.

Mteja wake alikuwa Harun, Mkenya wa mambo ya kompyuta aliyeishi jengo lile lile. Kila Ijumaa yeye na wenzake, wanaume wazima wenye ndevu, walipigana vita mezani kwa wanajeshi wa kuchezea wa kimo cha kidole. Sikuwaelewa na sikujaribu. Mwaka huo wa 2014 aliagiza magofu mawili.

Japheth aliyakata, kisha akakata nyumba ya tatu, nzima. Mlango mmoja, madirisha mawili, jiko pembeni. Niliitambua kwa picha iliyo kwenye simu yake: nyumba ya mama yake huko Bungoma. Mama alifariki Machi, kampuni ikamnyima likizo ya mazishi, na Juni dada yake Nafula akamwandikia kwamba kaka yao ameibomoa ajenge ya mawe. Hii ya povu angekaa nayo chini ya kitanda. Nilikuwa nimemcheka akichora mabati kwa kitana, nikaona aibu.

Ni yeye aliyenifundisha kwamba povu hupakwa gundi ya mbao kwanza, ikauke, ndipo upulize rangi ya mkebe, maana rangi ile hula povu tupu. Magofu aliyapaka gundi. Nyumba ya mama aliimaliza asubuhi aliyotoka zamu mbili mfululizo, macho mekundu, akachukua mkebe akapuliza bila gundi. Paa likazama taratibu huku akilitazama. Aliyetukana ni mimi.

Ijumaa Harun alikuja kambini kuchukua mzigo. Magofu aliyoagiza hata hakuyaangalia vizuri; aliiona chini ya kitanda ile nyumba iliyozama paa, akaichomoa.

"Hii ndiyo kali, Japhe. Inakaa kama bomu limeiangukia kabisa. Ulifanyaje?"

"Nililala nikiwa nimesimama."

"Naweza chukua pia?"

Nilifungua mdomo nimwambie ni nyumba ya nani. Japheth akanitikisia kichwa. Aliizungushia gazeti isivunjike zaidi, akaitia mwenyewe kwenye mfuko wa Harun.

"Chukua tu, bro. Hata ile ya kweli sikuweza kuizuia isibomolewe."

Harun hakuelewa, lakini alishukuru, akaenda zake. Japheth akavua mkanda, akalala na viatu miguuni. Zamu yake ilikuwa ianze saa kumi jioni.