Nguzo Nyekundu Mpakani

Mume wangu aliisimika nguzo ile bila kumwita jirani, na kwa kosa hilo nilishinda siku nzima nikiogopa damu. Hapa Butembo mtu anaweza kukusamehe ukimtukana mbele za watu, lakini siyo ukichimbia kitu mpakani mwa kiwanja chake. Hata ukitaka kupanda mgomba tu, unamwita kwanza, anakuja, anatazama shimo, anasema sawa, ndipo unafukia. Mume wangu amezaliwa hapa, anajua yote hayo. Lakini tangu darubini ile iingie nyumbani, akili yake ilikuwa imehamia mawinguni.

Ilikuwa darubini kubwa ya macho mawili, ya kutazamia nyota, nzito kama mtoto aliyekwisha kujua kutembea. Kaka yake, mfanyabiashara, aliikuta kwenye mzigo wa mitumba akamletea zawadi. Mimi niliiita mke wa pili. Jioni za kwanza aliishika mikononi uani, mabega yakimtetemeka, na mwezi ukitetemeka naye. Nilipochungulia niliona kitu cheupe kikirukaruka kama yai kwenye mafuta ya moto. Akaiweka juu ya stendi ya miguu mitatu aliyoazima kwa mpiga picha. Stendi ikalemewa, ikainama polepole hadi darubini ikawa inatazama kuku wangu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kushindwa na uzito kwake ni aibu.

Basi akakata bomba nene la chuma, akalijaza mchanga ili lisitikisike, akalisimika kwa saruji. Juu yake akaunga mkono wa vyuma viwili vinavyokwenda pamoja: darubini upande huu, mfuko wa mchanga upande ule wa kuipa mizani. Uliweza kuipandisha au kuishusha kwa kidole, nayo ikakaa pale pale ulipoiacha. Kazi safi, sikatai. Mahali ndipo paliponitia baridi. Alichagua ukingo wa kiwanja, kwa sababu pale mwamba uko karibu na mikaratusi haizibi anga, hatua moja tu kutoka ua wa jirani. Na kwa kuwa ni fundi wa vyuma, akaipaka nguzo rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ukiitazama kwa mbali, ungeapa kwamba wapima ardhi wamepita wakasimika borne, alama yao ya mpaka.

Jirani yetu ni mzee aliyekimbia vita kutoka Kalunguta na mkewe, akaacha nyumba, kahawa na mihogo shambani. Kile kiwanja kidogo kando yetu ndiyo ardhi pekee iliyobaki mkononi mwake. Asubuhi baada ya kazi hiyo alitoka, akaiona nguzo, akasimama. Nikamsalimu. Hakuitika. Akarudi ndani, na baada ya muda nikasikia panga likinolewa juu ya jiwe, taratibu, bila haraka yoyote.

Nilikwisha kuona mtu akikatwa kwa sababu ya mpaka. Hadi mchana nilikuwa bado naisikia sauti ile ya panga.

Mume wangu aliporudi kutoka kazini nilimfokea kabla hajavua kofia. “Enda umuombe ruhusa! Umempandia borne!”

“Lakini ni ya kuangalia mwezi,” akasema, kama mtoto. “Kila mutu ataona ni ya mwezi.”

“Ataona nini? Iko na rangi ya borne, iko ku mupaka!”

Mvua kubwa ikanyesha, ikatufungia ndani kila mmoja na hasira yake. Ilipokatika, jua likatoka chini ya mawingu, hewa ikiwa imeoshwa kabisa, vilima vyote vikionekana. Mume wangu akatoka na darubini yake kuifunga kwenye mkono wa chuma. Ndipo mzee akavuka ua, panga mkononi.

“Nani alikupimia hapa?”

“Papa, hapana kupima. Ni ya—”

“Nauliza nani alikupimia!”

Akaikamata nguzo kwa mkono mmoja akaitikisa kwa nguvu zake zote. Haikusogea hata kidogo. Mume wangu, Mungu amsamehe, akatabasamu, maana hilo ndilo alilokuwa akilitafuta wiki zote zile. Mzee akaliona tabasamu. Panga likapanda juu.

Sijui niliruka vipi. Nilijikuta katikati yao, kanga imeanguka, napiga kelele usoni mwa mtu wa umri wa baba yangu. “Papa, angalia kwanza! Weka macho hapa! Kisha ukitaka kukata, ukate, na mimi nitakusaidia!”

Hakuweka panga chini, lakini aliinama. Mume wangu akaishusha darubini hadi usawa wa macho ya mzee na kuielekeza kwenye mwezi, uliokuwa tayari juu, mweupe. Mzee akatazama kidogo tu.

“Nimeona,” akasema. “Hii inaweza kuangalia chini?”

Mume wangu alifungua kinywa kukataa. Nilimkanyaga mguu.

Mzee akaugeuza mkono wa chuma mwenyewe, polepole, kuelekea kaskazini, upande wa Kalunguta, akipita kilima kimoja baada ya kingine, akinong’ona jina la kila kimoja kwa Kinande, lugha yake. Kisha akaiachia. Darubini ikatulia kama imejengwa pale.

“Bati yangu,” akasema. “Ile ya karibu na mikaratusi. Iko.”

Nilifurahi kwa ajili yake, nikaanza kupumua. Kisha nikaona bega lake linaanza kutetemeka, na hakuwa ameshika kitu kizito.

“Kuko moshi ku jiko yangu,” akasema. “Kuko batu banapika.”

Panga lilimtoka mkononi likaanguka kwenye matope, hakuinama kuliokota. Alibaki na macho yake pale hadi jua likazama na vilima vikawa kitu kimoja cheusi. Alipoondoka aligusa nguzo, akamwambia mume wangu, “Hapana kuitosha. Iache hapa hapa.”

Anga ilikuwa safi mno jioni ile, na mwezi ulikuwa juu ya vichwa vyetu. Mume wangu alikaa karibu na darubini yake bila kuigeuza. Ilibaki imeelekea Kalunguta.